Feni ya kutoa moshi jikoni si mbadala wa dirisha, wala haiondoi gesi iliyovuja

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi ya gesi sasa imo katika majiko mengi ya Mbeya, Iringa na Njombe, na feni za kutoa moshi zinafungwa kwa kasi. Tunalifurahia hilo. Lakini wakaguzi wa kinga dhidi ya moto tunakuta dhana moja inayojirudia: ukishafunga feni, ziba madirisha, hasa Juni na Julai baridi inapouma. Feni haitengenezi hewa. Inatoa nje kiasi kile tu kinachopata pa kuingilia.

Jaribu mwenyewe. Washa feni, funga mlango na madirisha, kisha sogeza karatasi ya daftari kwenye wavu wake. Itanata kwa unyonge au itaanguka. Fungua dirisha kidogo, urudie. Tofauti utakayoiona ndiyo sababu tunadai tundu la kuingizia hewa. Feni ya inchi 6 ina mdomo wa sentimita za mraba 177 hivi, na wavu wa mbu hupunguza sana nafasi ya hewa kupita. Kwa hiyo weka tundu la sentimita 20 kwa 20, karibu na sakafu, upande wa pili wa chumba, ili hewa safi ipite jikoni kabla ya kutoka.

Kuhusu ukubwa, piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Jiko la mita 3 kwa 3 lenye kimo cha mita 2.7 lina mita za ujazo 24.3. Hewa ikibadilishwa mara 12 kwa saa, unahitaji feni ya mita za ujazo 290 kwa saa. Nunua inayozidi hapo, kwani namba iliyo kwenye boksi hupimwa bila bomba.

Feni ya plastiki ya ukutani ikae juu, pembeni ya jiko, kamwe isiwe juu ya mwali. Juu ya mwali panafaa hudi, yaani kofia ya kunasa moshi, ya chuma yenye vichujio vya mafuta, sentimita 65 hadi 75 kutoka kwenye plati za gesi. Kama kijitabu cha mtengenezaji kinataka zaidi, fuata kijitabu. Bomba la hudi liwe la bati au alumini. Bomba la PVC la maji taka, ambalo mafundi wengi hulitumia kwa sababu lipo dukani, hulainika kwa joto na moto ukiingia huwaka. Usipunguze kipenyo pia: kutoka milimita 150 hadi 100 unabaki na chini ya nusu ya njia, na kila kona inapunguza zaidi. Liinamishe bomba kidogo kuelekea nje, na mdomo wake uwe na kifuniko kinachotazama chini, maana mvua zetu za Novemba hadi Aprili huja na upepo.

Mdomo huo utoke nje ya nyumba kabisa. Wapo wanaouishiza darini, juu ya silingi bodi. Usiku wa baridi ya nyanda hizi mvuke hugeuka maji chini ya bati na kudondoka, mwenye nyumba akaita fundi wa paa akidhani bati linavuja. Kenchi zinaoza, na mafuta yanayojikusanya darini ni kuni zilizokwisha andaliwa.

Umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe akuonyeshe leseni kabla hajagusa waya. Azime breka na athibitishe kwa testa. Feni iwe na swichi yake, mbali na mvuke wa sufuria, waya wa milimita za mraba 1.5, fyuzi ya ampea 3, na waya wa ethi kama mwili wake ni wa chuma. Kuunganisha kwenye taa kwa kusokota waya na kuzungushia selotepu si ufungaji.

Na msizime feni kwa kuogopa kumaliza umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Feni ya wati 40 ikifanya kazi saa 3 kwa siku hula uniti 3.6 kwa mwezi. Iwashe kabla ya kuwasha jiko, uiache dakika 10 hadi 15 baada ya kumaliza.

Sasa lile linalotutia hofu zaidi. Ukisikia harufu ya gesi, USIWASHE feni. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Feni iko juu, haitaifikia, na cheche ya swichi inatosha kuilipua. Kama feni tayari inazunguka, usiizime. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toa watu, kisha piga 114, namba ya zimamoto, ukiwa nje.

Jiko la mkaa nalo halina usalama ndani ya chumba kilichofungwa eti kwa kuwa kuna feni. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwenye nyumba zenye chimni ya kuni, kama zilivyo nyingi Njombe na Makete, feni isiyo na pa kuvutia hewa huivuta kupitia chimni, na moshi unarudi ndani.

Vichujio vya nyumbani vioshwe kila mwezi kwa maji ya moto na sabuni. Vya wakaanga chipsi kila wiki. Petroli na thina marufuku. Mafuta yakishika moto kwenye karai, zima gesi na feni, kwani feni huvuta mwali ndani ya bomba, kisha funika karai. Maji hapana.

Wenye migahawa na hoteli, Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya 2007 inampa mkaguzi mamlaka ya kuingia na kukagua. Muombeni kitambulisho, hiyo ni haki yenu, lakini kumzuia ni kosa. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number), wala si taslimu mkononi mwa mkaguzi, na risiti itunzwe pamoja na cheti. Bomba la hudi tunalifungua na kulitazama ndani, hivyo andaeni daftari linaloonyesha tarehe lilipooshwa na jina la aliyeliosha.