Mguu wa mbwa ukikatwa, hukatwa wapi?

Ombi hili limeshanifikia mara nyingi, na kila mara linatoka kwa mtu anayempenda mnyama wake kwelikweli: "Daktari, usiukate wote, muachie japo kipande." Gari limekanyaga kwenye kifundo, sasa kwa nini mguu uondolewe hadi begani? Wengine huondoka wakiamini daktari katafuta njia ya mkato.

Kukata mguu wa mbwa au paka ni upasuaji wa kuondoa mguu usioweza kupona, au unaomtesa kwa maumivu yasiyokwisha: mifupa iliyosagika, mishipa ya fahamu iliyong'oka mpaka mguu ukawa wa kuburuzwa, saratani, kidonda kilichooza. Mnyama hupewa nusukaputi, hasikii kitu.

Utata uko kwenye hicho kipande. Tumezoea binadamu, ambaye daktari humbakizia goti au kiwiko akiweza, maana kigutu kirefu hushika vizuri mguu wa bandia, na mgonjwa akiambiwa asikikanyagie atasikia. Mbwa haambiwi. Akibakiwa na kigutu atakitumia tu: atakiegemeza sakafuni, atakigonga kwenye ngazi, ngozi iliyo juu ya ncha ya mfupa itachubuka, itafunga, itachubuka tena, hadi uchafu uingie mfupani na arudishwe mezani akatwe mara ya pili. Wapo mbwa wanaovaa miguu ya bandia, lakini kwao kigutu hupangwa kwa vipimo kabla ya kisu kugusa ngozi, na mwenye mbwa hukubali kumvalisha na kumkagua kila siku. Usikilinganishe na kipande kilichoachwa kwa huruma.

Ndiyo maana mguu wa nyuma hukatwa juu pajani, au hutolewa kwenye nyonga kabisa. Ukikatwa pajani, misuli hushonwa juu ya ncha ya mfupa iwe mto. Wa mbele mara nyingi huondoka wote, pamoja na kombe la bega. Hapo ndipo watu hushtuka zaidi, na mimi hapo ndipo huona mwili wa mbwa ulivyoumbwa kwa namna ya ajabu. Mguu wake wa mbele haukuungwa na kiwiliwili kwa kiungo chochote cha mfupa. Mtulinga wake, yaani mfupa ambao kwa binadamu huunganisha bega na kifua, ni kijipande kisicho na kazi, na kombe limeshikiliwa ubavuni kwa misuli tu. Daktari huifuata misuli hiyo mmoja mmoja. Hufunga ateri, mshipa unaoleta damu mguuni, kwanza, na vena, mshipa unaoirudisha, baadaye, ili damu iliyomo mguuni ipate kurudi mwilini. Mishipa ya fahamu huipiga ganzi kabla ya kuikata. Msumeno hauhitajiki. Kombe likiachwa, misuli yake hunyauka, mfupa ukachomoza chini ya ngozi.

Kupona hakuchukui muda kama watu wanavyohofia. Wengi husimama ndani ya siku moja au mbili, wakisaidiwa kwa taulo iliyopitishwa chini ya tumbo, na nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Tandika mkeka sakafu isiteleze. Dawa ya maumivu iwe ile aliyoandika daktari wa mifugo peke yake: kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, na diklofenaki ya binadamu humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Kwa hiyo usiombee kipande. Muulize daktari kama miguu mitatu inayobaki ni mizima, na kama mnyama wako apunguzwe uzito, hasa anapopoteza mguu wa mbele, kwa kuwa mbwa hubebea mbele takriban asilimia 60 ya uzito wake. Na kama ni saratani ya mfupa, omba picha ya kifua kwanza. Kukata kutamwondolea maumivu, lakini saratani hiyo kwa mbwa huwa mara nyingi imeshaanza kusambaa kabla uvimbe haujaonekana, kwa hiyo mazungumzo ya tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, yafanyike mapema.