Kwa nini karudi kwenye pombe? Maswali ninayoulizwa na wenye wagonjwa

Mume wangu ana akili zake timamu. Kwa nini asiamue tu kuacha?

Ameshaamua, dada yangu, pengine zaidi ya mara kumi. Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujizoesha kwenda mbio ili usilemewe. Pombe ikikosekana, zile mbio zinabaki bila breki: alfajiri jasho linamtoka, moyo unadunda, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Akizimua kwa toti moja, mkono unatulia. Hapo hanywi kwa starehe tena. Anakunywa ili awe kama wewe.

Halafu kuna mazoea ya akili. Harufu ya nyama choma, kona ya kilabu, meseji ya mshahara, vyote vimeshafungamana na pombe kichwani. Anaweza kutulia mwezi mzima, akapita kona ile mara moja tu, kiu ikamkaba.

Ni ya kurithi au ni mawazo?

Vyote viwili. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa urithi unachangia karibu nusu ya hatari ya kunaswa na pombe. Kinachobaki ni maisha: vipigo vya utotoni, kufiwa, sonona, hofu isiyo na jina, na marafiki ambao hawajui kukutana pasipo chupa. Mwanamume wa kwetu akifiwa anaambiwa ajikaze. Hakuna anayemwambia ajikaze mpaka lini. Usiku halali. Anagundua kwamba chupa mbili zinampa usingizi, na kwa kweli zinampa, miezi ya mwanzo. Baadaye usingizi unakatika saa 9 usiku, na anahitaji nne.

Pombe yenyewe pia huleta sonona. Ndiyo maana daktari anaweza kusubiri wiki 2 hadi 4 baada ya mgonjwa kuacha, aone huzuni ipi imeondoka na pombe na ipi ilikuwepo tangu awali. Akitaja kujiua, hilo halisubiri hata siku moja.

Tumfungie ndani wiki moja, itoke yote?

Msifanye hivyo! Hili ndilo jambo ninalolirudia mpaka naonekana kero. Kwa mnywaji mkubwa wa kila siku, kukatisha ghafla kunaweza kuua. Kutetemeka huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Ndani ya siku 2 anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa, homa ikapanda, wakaanza kukung'uta wadudu wasiokuwepo kwenye shuka. Familia hudhani karogwa, gari linageuzwa kuelekea kwa mganga, na muda unapotea. Hospitali humtuliza kwa dawa kama diazepamu zinazopunguzwa kidogo kidogo, na kumpa vitamini B1, kwa sababu upungufu wake unaweza kuharibu kumbukumbu kwa kudumu.

Kuna kidonge cha kumwekea kwenye chai bila yeye kujua?

Kipo kinachofikiriwa: disalfiramu. Kilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940. Aliyekimeza akinywa pombe, uso unawaka, moyo unaenda mbio, anatapika, na presha inaweza kushuka vibaya. Kumpa mtu kwa siri ni kumtegea mtego. Zipo dawa nyingine: naltreksoni hupunguza ile raha ya pombe, akamprosati husaidia aliyekwisha kuacha asirudi. Hazipatikani kila duka la dawa, na naltreksoni haimfai anayetumia heroini au dawa kali za maumivu kama mofini. Lazima daktari amwone kwanza.

Na ushauri nasaha? Si maneno tu?

Ni maneno yenye kazi. Tunachukua siku moja aliyokunywa na kuipitia saa kwa saa: aligombana na nani, alipita njia ipi, alikuwa na njaa? Tunapanga njia nyingine ya kurudi nyumbani na nani apokee mshahara. Anajifunza kuwa kiu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka hata asipoinywea. Wengine hushikwa mkono na vikundi vya Walevi Wasiojulikana (Alcoholics Anonymous), ambako walevi husaidiana kuacha, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935. Wengine na msikiti au kanisa. Mimi sina ugomvi na lolote kati ya hayo, mradi wasimwambie aache dawa.

Alikaa miezi 4, juzi kanywa. Tumeshindwa?

Hapana. Miezi 4 haijafutika. Akiamka na akili imetulia, muulize siku ile ilianzaje tangu asubuhi, usimuulize kwa nini ametuaibisha. Jibu lake njooni nalo kliniki.