Raba ya Mzee Haina Dawa: Yanayosemwa Kuhusu Raba za Pingpong

Kirumba, Mwanza, ukiwa unaelekea Mwaloni, kuna meza ya pingpong chini ya paa la bati. Wavu wake wa dukani ulichanika zamani. Uliopo sasa ni kipande cha wavu wa dagaa kilichoshonewa kamba na kukazwa kwa misumari. Saa kumi na moja jioni foleni inaanza, na sheria ni moja: anayefungwa anatoka.

Jioni moja nilitolewa na mzee fundi mitumbwi, mtu wa umri wa kuitwa babu. Seti tatu: 11-3, 11-4, 11-2. Na siku hiyo nilikuwa na raba mpya, ule utando unaobandikwa usoni mwa raketi, niliyoilipia hela ambayo mke wangu hadi leo hajaambiwa ni kiasi gani. Nilivuta topspini, yaani mpira unaozunguka kwenda mbele, kwa nguvu zangu zote. Mzee aliweka raketi tu, kama mtu anayezuia mlango usijifunge, mpira ukarudi taratibu. Nikaupiga tena, ukaingia kwenye wavu. Tena. Na tena. Kijana mmoja kwenye foleni akasema, "Raba ya mzee ina dawa hiyo." Watu wakacheka, lakini lile cheko la watu wasio na uhakika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyaokota maneno yanayosemwa pale mezani kuhusu raba. Mengine yana nusu ya ukweli. Mengine hayana hata robo.

"Raba ya vipele virefu ina spini yake yenyewe"

Hili ndilo neno kubwa, kwa hiyo nalianza nalo na sitaliharakisha. Spini ni kule kuzunguka kwa mpira ukiwa hewani.

Raba ya kawaida, ile inayoonekana tambarare, nayo ina vipele. Ukiibandua utaviona vimeangalia ndani, kwenye sponji, lile tabaka la chini linalobonyea, na uso laini ndio unaogusa mpira. Uso huo unaushika mpira, unausimamisha kuzunguka, kisha unauzungusha kadiri mkono wako ulivyosugua. Ndiyo maana mwenye raba ya kawaida anaweza kupokea topspini na kurudisha topspini: amefuta spini yako akaandika yake.

Raba ya mzee vipele vyake vimeangalia nje, ni virefu na vyembamba. Mpira ukivigusa vinalala upande. Havishiki. Mpira unadunda na kuondoka huku ukiendelea kuzunguka vilevile ulivyokuja, isipokuwa sasa safari yake imegeuka. Mpenda daladala atanielewa: gari limenasa kwenye tope la Buzuruga, dereva kakanyaga mafuta, tairi linazunguka kwenda mbele, na watu wanalivuta gari kwa nyuma. Tairi halijabadili mzunguko, lakini gari linarudi kinyumenyume. Mpira wako wa topspini ukitoka kwenye vipele virefu uko hivyo hivyo. Kwako unafika kama mpira uliokatwa, yaani unaozunguka kinyumenyume, na mpira uliokatwa ukiupiga kama wa kawaida unashuka moja kwa moja kwenye wavu.

Maana yake, ile spini iliyonimaliza ilikuwa yangu mwenyewe. Kadiri nilivyovuta kwa hasira ndivyo nilivyomwongezea mzee silaha.

Kuna upande wa pili ambao wengi hawaujui, nao ndio wenye faida. Ukimpelekea mwenye vipele virefu mpira mkavu, usio na spini, anakurudishia mkavu. Ukimkatia, naye akasukuma tu, mpira unarudi na topspini kidogo au bila kitu, unaelea juu kidogo ya wavu, unaomba smashi, pigo la nguvu la kumaliza. Hawezi kukushtua kwa kitu ambacho hukumpa. Mkono wake una mchango, nisidanganye: akiteremsha raketi kwa kasi chini ya mpira wa topspini anaongeza ukataji. Ila kuanzisha spini nzito kutoka mpira mkavu, kwa vipele vile, ni kazi ngumu sana.

Sheria nazo zimevibana. Shirikisho la kimataifa, ITTF, linataka urefu wa kipele usizidi mara 1.1 ya upana wake. Na mwaka 2008 zile raba za vipele vilivyoteleza kabisa, visivyo na mshiko wowote, zilipigwa marufuku kwa kuwekewa kiwango cha chini cha msuguano. Kilichobaki ni halali, na anayekiita uchawi ajue kwamba Deng Yaping wa China, mwanamke wa kimo cha mita moja na nusu hivi, alikuwa na vipele virefu upande wa mkono wa nyuma, ule wa kupiga mgongo wa kiganja ukitangulia, alipochukua dhahabu nne za Olimpiki, mbili mwaka 1992 na mbili mwaka 1996. Ni Xialian wa Luxembourg alishinda mechi kwenye Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 61, raketi yake ikiwa na vipele virefu upande mmoja. Miaka 61! Fundi mitumbwi wetu bado ana muda.

"Inayonata zaidi ndiyo yenye spini zaidi"

Hapa ndipo hela yangu ilipopotelea. Muuzaji aliibana raba juu ya mpira, akainua, mpira ukaning'inia kwa sekunde kadhaa bila kuanguka. Nikamaliza kufikiri hapo hapo.

Raba zinazonata sana za mtindo wa Kichina mara nyingi hukaa juu ya sponji ngumu. Mchezaji wa China mwenye mguu, kiuno na bega vinavyofanya kazi pamoja anaupiga mpira kwa kasi hadi unazama kwenye sponji ile, na hapo spini inatoka ya kutisha, zaidi ya mizunguko 100 kwa sekunde. Mimi nikipiga kwa mkono wa mtu aliyetoka kushika usukani kutwa nzima, mpira hauzami. Unagusa juu juu, unapoteza kasi, unakwenda mfupi na mfu.

Raba nyingi za Ujerumani na Japani ukizigusa kwa kidole hazinati kabisa, na bado zinatoa spini kali. Uso wake unavutika pamoja na mpira halafu unarudi, kama ulimi wa manati. Kwa hiyo kunata ni njia moja tu ya kushika mpira. Kilicho kikubwa zaidi ni kasi ya raketi wakati inasugua, na namna inavyousugua. Washa kiberiti: ukibonyeza njiti kwenye kasha haiwaki, ukiiburuta inawaka. Anayeanza apewe raba ya kawaida yenye sponji ya wastani, ajifunze kuburuta kwanza. Mambo ya kuning'iniza mpira tuwaachie wauzaji.

"Sponji nene ndiyo ya wakubwa"

Nene inarusha zaidi, hilo ni kweli. Inarusha pia makosa. Ukipokea sevisi fupi kwa sponji nene na mkono usiotulia, mpira unaruka hadi kwenye beseni la mama anayeuza vitumbua. Milimita 1.5 hadi 1.8 humpa anayejifunza nafasi ya kusikia mpira mkononi. Wenye kushambulia huenda 2.0 na kuendelea, ila uso, sponji na gundi kwa pamoja havitakiwi kuzidi milimita 4. Wachezaji wengi wa kujilinda kwa vipele virefu huweka sponji nyembamba sana, na wengine hawaweki kabisa. Raba ya mzee haina sponji. Ndiyo ule mlio wake mkavu, kama mtu anagonga hodi.

Mlio si jambo dogo. Mwaka 1952, kwenye mashindano ya dunia ya Bombay, Hiroji Satoh wa Japani alikuja na raketi ya sponji nene wakati wenzake wakicheza na raba za vipele zisizo na sponji. Mpira ukigonga raketi yake haukutoa sauti waliyoizoea, na kasi wakashindwa kuisoma. Akawa bingwa wa dunia. Ule ukomo wa milimita 4 ulikuja miaka saba baadaye, baada ya mabishano marefu.

"Vipele ni vipele"

Hapana. Vipele vifupi na vinene havilali. Vinapiga, mpira unakwenda bapa na kwa kasi, na spini ya mpinzani haivisumbui sana. Ni raba ya mtu mwenye haraka, anayesimama karibu na meza. Liu Guoliang alichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996 kwa mtindo huo, na leo Mima Ito wa Japani anawatesa watu kwa vipele vifupi upande wa nyuma.

Ya kuogopa zaidi haina vipele vya kuonekana. Kuna raba ya kuua spini: kwa macho ni tambarare kama ya kawaida, lakini uso wake unateleza na sponji yake imepoa, hairushi. Inafanya kazi kama vipele virefu, na huwezi kuijua mpaka upitishe kidole. Ndiyo maana kanuni inamtaka mchezaji amwonyeshe mpinzani raketi yake kabla ya mechi na amruhusu aikague. Siku ile nilifungwa seti tatu bila kuomba kuiona raketi ya mzee hata mara moja. Niliona aibu, nilidhani ni kumvunjia heshima. Nilipoomba wiki iliyofuata alinipa kwa mikono miwili, akaniambia, "Gusa, mjukuu wangu. Haiumi."

"Huku ziwani spini haikai"

Mtu akikosa huku atalaumu ziwa. Upepo ni kweli: mchana unavuma kutoka majini, na mpira wa gramu 2.7 haubishani nao. Unyevu nao ni kweli kwa kiasi, kwa sababu raba yenye umande au jasho inateleza mpaka uifute.

Lakini kuna jambo ambalo sijasikia mtu akilitaja. Ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takribani asilimia 10 kuliko ya pwani. Topspini inashuka ghafla kwa sababu mpira unaozunguka unasukumwa na hewa. Hewa ikipungua, msukumo unapungua. Anayetoka Tanga au Dar es Salaam anaweza kuona topspini yake ikipita ukingo wa meza kidogo na akajiuliza kulikoni. Raba yake imefanya kazi ileile, spini iko palepale, ni hewa tu imeuachia mpira. Tofauti ni ndogo, na sisi wa kufungwa 11-2 hatuna haki ya kujitetea nayo.

"Ikichakaa, ipake mafuta ya taa"

Tafadhali usifanye hivyo. Nimeona raba iliyopakwa mafuta ya taa: ilivimba siku ya kwanza ikawa kweli inarusha, siku ya tatu ikajikunja pembeni na kubanduka kama magamba ya sato. Wachezaji wakubwa walikuwa na gundi za mvuke zilizovimbisha sponji vivyo hivyo, na zikapigwa marufuku mwaka 2008 kwa sababu ya madhara yake kwa afya. Raba ya kawaida inataka maji safi kidogo, kipande cha sponji laini, na karatasi ya nailoni juu yake ukimaliza kucheza. Vumbi na jua ndivyo vinavyoiua, basi usiiache juu ya dashibodi.

"Nyekundu ya kasi, nyeusi ya spini"

Raba nyingi hutoka kiwandani kwa rangi zote mbili na hufanya kazi karibu sawa. Rangi iko kwa ajili ya mpinzani. Zamani mtu aliweza kubandika raba mbili tofauti kabisa za rangi moja, akazigeuza katikati ya mchezo, nawe usijue kilichokupiga. Miaka ya 1980 ikaamuliwa pande mbili zitofautiane rangi. Upande mmoja lazima uwe mweusi, na tangu Oktoba 2021 ule mwingine unaweza kuwa nyekundu, pinki, zambarau, kijani au bluu. Kugeuza raketi bado ni halali. Unachodaiwa ni macho.

Baada ya kuikagua ile raketi nilikwenda na mpango. Vipele vyake vyeusi, upande mwekundu raba ya kawaida iliyochakaa ambayo sikuijali. Nikampelekea mipira mikavu, akanirudishia mikavu, nikapiga smashi. Seti ya kwanza nikachukua 11-7, na foleni ikaanza kunishangilia. Seti ya pili nikatoa sevisi kavu ileile, mpira ukarudi taratibu uleule, nikaunyanyulia mkono kwa raha, ukazama kwenye wavu wa dagaa.

Mzee alikuwa amegeuza raketi kwa vidole viwili na kukata kwa nyekundu.

"Mjukuu wangu," akasema huku akiokota mpira, "ulikuwa unaangalia uso wangu au raba?"

"Wabeja, babu," nikamshukuru kwa Kisukuma, nikaenda nyuma ya foleni.