Je, wajua kwa nini Wabuddha huweka maua chini ya mti?

Ukifika Bodh Gaya, mji mdogo katika jimbo la Bihar nchini India, utakuta watu wamevua viatu na kuketi chini, nyuso zao zimeelekea mti. Kuna watawa waliovaa majoho ya rangi ya zafarani, na kuna akina mama kutoka Sri Lanka waliovaa nguo nyeupe tupu. Mti umezungushiwa uzio wa mawe, na matawi yake mazito yameegemezwa kwa nguzo za chuma. Jani likidondoka, kuna atakayeinuka upesi aliokote na kulitia kati ya kurasa za kitabu, akaende nalo kwao. Pembeni, kwenye mawe, maua yamerundikana.

Mpita njia anaweza kudhani hawa wanaabudu mti. Hawauabudu. Ukishajua kwa nini wanauwekea maua, utakuwa umeshika sehemu kubwa ya dini hii.

Mti wenyewe ni jamaa ya mkuyu wetu. Wahindi huuita pipal, na wataalamu wa mimea huuita Ficus religiosa. Jani lake lina umbo la moyo na ncha ndefu kama mkia, na kikonyo chake ni chembamba kiasi kwamba linatetemeka hata wakati wewe uliyesimama chini husikii upepo.

Aliyekaa chini yake aliitwa Siddhartha Gautama. Hesabu ya zamani inasema aliishi kuanzia 563 hadi 483 KK, ingawa wasomi wengi wa siku hizi wanasogeza kifo chake mbele hadi karibu na 400 KK. Baba yake, Suddhodana, alikuwa kiongozi wa ukoo wa Washakya. Mama yake, Maya, alikuwa njiani akirudi kwao kujifungua, desturi ambayo hata huku kwetu wengi wanaijua, uchungu ukamshika Lumbini, katika nchi ya Nepal ya leo. Mapokeo yanasema alijifungua akiwa amesimama, ameshika tawi la mti. Siku saba baadaye akafariki, na mtoto akalelewa na mama mdogo wake, Mahapajapati.

Kijana alikua katika raha, akiwekwa mbali na kila kitu cha kuhuzunisha. Kisha, katika matembezi yake, akaona kwa mara ya kwanza mzee aliyepinda mgongo, mgonjwa, na maiti ikipelekwa kuchomwa. Mara ya nne akamwona mtawa asiye na kitu, uso umetulia. Akiwa na miaka 29 aliondoka usiku, akamwacha mkewe Yasodhara na mtoto mchanga, Rahula. Nakiri kwamba sijawahi kuisoma sehemu hii bila kumwonea uchungu Yasodhara. Mapokeo nayo hayakumsahau: yanasema miaka ya baadaye yeye na mwanawe wote wawili waliingia utawani.

Siddhartha alijifunza kutafakari kwa walimu wawili mashuhuri, akayamaliza waliyoyajua, na bado hakupata jibu. Akageukia kuutesa mwili. Kwa muda wa miaka sita hivi aliishi maisha magumu ya porini, na maandiko ya kale yanasimulia kwamba alikonda kwa kufunga mpaka akishika tumbo, vidole vinagusa uti wa mgongo. Mwishowe aliona kwamba mwili ukidhoofika hivyo, akili nayo haiwezi kuona sawasawa. Akapokea bakuli la wali uliopikwa kwa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata, akala. Wenzake watano waliokuwa wakifunga pamoja naye walimwona amerudi kwenye anasa, wakamwacha. Kutokana na bakuli lile likaja fundisho la njia ya kati: usizame katika starehe, wala usijiue kwa mateso ya kujitakia.

Akaketi chini ya mti, akaazimia asiinuke mpaka aelewe. Masimulizi yanasema Mara, mshawishi, alimjia kwa vitisho na kwa vishawishi, kisha akamuuliza ni nani atakayemshuhudia kwamba anastahili kukaa pale. Siddhartha hakumjibu kwa maneno. Aliugusa udongo kwa vidole vya mkono wa kulia, ardhi iwe shahidi wake. Ndiyo maana sanamu nyingi humwonyesha mkono umeshuka hivyo. Alfajiri alikuwa ameelewa. Alikuwa na miaka 35, na tangu hapo akaitwa Buddha, neno ambalo maana yake ni aliyeamka.

Basi aliamka akajua nini? Alikwenda Sarnath, karibu na Varanasi, akawatafuta wale watano waliomkimbia, akawaeleza kama mganga anavyomweleza mgonjwa. Kwanza, ugonjwa upo. Aliuita dukkha, neno tunalozoea kulitafsiri kuwa mateso, lakini linabeba pia ile hali ya kutotosheka. Umekitamani kitu mwaka mzima, umekipata, na wiki ya pili jicho limeshahamia kwingine. Au umekipata na usingizi umekutoka, unaogopa kukipoteza. Pili, ugonjwa una chanzo, nacho ni tanha. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwa sababu tanha ni kiu, na sisi wenyewe tunasema mtu ana kiu ya mali au kiu ya madaraka. Tatu, kiu hiyo inaweza kukoma. Kukoma kwake ndiko nirvana, yaani kuzimika, kama moto unavyozimika kuni zikiisha. Nne, dawa ipo, nayo ni njia yenye sehemu nane, zinazogusa mwenendo wa mtu, utulivu wa akili yake, na namna anavyoyaona mambo.

Muumini wa kawaida, asiye mtawa, huanza na mambo matano: asiue kiumbe hai, asichukue asichopewa, asizini, asiseme uongo, asitumie vileo. Watawa wana kanuni nyingi zaidi.

Fundisho gumu kuliko yote ni kwamba hakuna kinachodumu, hata hiki tunachokiita "mimi". Kuna simulizi ya Kisa Gotami, mwanamke aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Alimbeba maiti akienda nyumba hadi nyumba kuomba dawa, na watu wakamwona amerukwa na akili. Buddha hakumkaripia wala hakumhubiria. Alimwambia alete punje za haradali, ila zitoke katika nyumba ambayo hajafa mtu. Haradali ilikuwa katika kila jiko, na kila alipobisha hodi walikuwa tayari kumpa. Akauliza: je, humu amefariki mtu? Hapa baba. Pale binti. Kule mume. Jua lilipotua mikono yake ilikuwa mitupu, lakini alikuwa amekwisha kuelewa. Akamzika mwanawe, akarudi kwa Buddha, akaomba kuwa mtawa.

Katika haya yote, Buddha hakudai kutumwa na Mungu, wala hakujiita mungu. Miungu imo katika simulizi za Kibuddha, lakini haimwokoi mtu na kiu yake; kazi hiyo ni ya mtu mwenyewe.

Sasa turudi kwenye maua. Kisa cha kale kinasema Buddha akiwa safarini, watu walifika kwenye makazi yake ya Jetavana na maua mikononi, wakamkosa, wakayaacha mlangoni. Mwanafunzi wake Ananda akamuuliza wakati mwingine waweke wapi. Buddha akasema mabaki ya mwili wake hayawezi kuwapo angali hai, na sanamu hutegemea mawazo ya mchongaji. Lakini mti wa bodhi, yaani mti wa kuamka, alisema, unafaa akiwa hai na hata akiwa amekufa, kwa kuwa aliutumia kweli. Mbegu ikaletwa kutoka Bodh Gaya, ikapandwa langoni. Hata wachongaji wa mwanzo, kama wale wa Sanchi huko India, hawakumchonga Buddha mwenyewe. Walichonga mti, na chini yake kiti kitupu.

Katika karne ya 3 KK, Mfalme Ashoka wa India, aliyegeuzwa moyo na damu aliyoimwaga katika vita vya Kalinga, aliueneza Ubuddha mbali. Binti yake, Sanghamitta, aliyekuwa mtawa, alivuka bahari na tawi la mti ule mpaka Anuradhapura, Sri Lanka. Unaotunzwa pale unahesabiwa kuwa miongoni mwa miti ya kale zaidi duniani iliyopandwa na binadamu na ambayo historia yake inajulikana.

Ule wa Bodh Gaya haukubahatika hivyo. Ulikufa na kupandwa tena zaidi ya mara moja. Mwaka 1876 dhoruba iliuangusha, ukiwa umeshaoza, na mwaka 1881 mwanaakiolojia Alexander Cunningham akapanda uliopo leo. Mti wa bodhi ulifika hata Dar es Salaam: uko kwenye hekalu la Kibuddha la Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi enzi za ukoloni. Mche wake ulivuka bahari kutoka Sri Lanka, kama ule wa Sanghamitta ulivyovuka kwenda huko.