Kirusi kinachopita nduru ikipigwa

Wiki jana nimetoka kuongea na kikundi cha akina mama hapa Kisumu, upande wa Kibuye, mama mmoja akanifuata hadi nje akaniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, mzee wangu ako na virusi, tumekaa hivo miaka kabla ajue, mbona mimi nikipimwa sina?" Mimi si daktari wa wodi, kazi yangu ni maabara, na pale kwa jua sikumjibu vile swali lake lilistahili, basi wacha nijibu hapa.

Mama, HIV hufeli mara nyingi kuliko inavyofaulu. Ikifika kwa ngozi laini ya ndani haikuti mwili umelala. Kuna ulinzi tumezaliwa nao, huo haungoji kufunzwa na chanjo, na kazi yake ya kwanza ni kupiga nduru: seli ikishuku kirusi inamwaga interferoni, protini ya kuonya, majirani wakisikia kila mmoja anafunga mlango na kushika panga. Sasa angalia hii. Mtu anaeza kuwa na virusi vya aina nyingi nyingi kwa damu, lakini tukichambua maambukizi mapya ya mume na mke, kama mara 4 kwa 5 tunakuta ni kirusi kimoja tu kilipita kikazaa vingine vyote. Kimoja! Nduru si sababu pekee, ute na ngozi pia vinazuia, lakini kuna utafiti wa 2017 ulilinganisha virusi vya aliyeambukiza na vya aliyeambukizwa, na vilivyopita vilikuwa vinavumilia interferoni kuliko wenzao waliobaki.

Panga zenyewe ni nyingi. Iko protini inaitwa APOBEC3G, ilijulikana 2002, inajificha ndani ya kirusi kipya kikitoka, halafu kikifika seli ingine na kuanza kuandika nakala yake ya DNA inaharibu herufi, panapofaa kuwa C inaweka U, maandishi yote yanakuwa takataka. HIV inajibu na Vif, kijiprotini kinachoshika APOBEC3G na kuibandika alama ya kutupwa, alafu seli yenyewe kwa mashine yake ya kusaga taka inamsaga askari wake. Kila nikifundisha hapo huwa naumia.

Ingine ni tetherini. Ushaona pale Dunga samaki akinasa kwa nyavu, mwili uko nje kichwa kimeshikwa? Virusi vikitoka kwa seli tetherini inavishika ivo, vinabaki vimening'inia. Babu ya HIV, yule wa sokwe, alikuwa anaitoa na protini yake inaitwa Nef, lakini tetherini ya binadamu imepungukiwa asidi amino 5 haswa pale Nef hushika, kwa hivyo kirusi kilibidi kifunze protini ingine, Vpu, kazi hiyo. Kati ya makundi ya HIV, Kundi M ndo lilijua hiyo kazi vizuri, na ndo limeenea dunia nzima, hata hii yetu ya huku Nyanza ni hiyo.

Lakini ujanja mkubwa kwangu mimi ni koti. Kapsidi ni gamba la vipande kama 1,500 vya protini moja, na HIV inaandika DNA yake ikiwa ndani ya hilo gamba. Hiyo DNA ingeonekana wazi nje ya kiini, mlinzi anaitwa cGAS angepiga nduru mara moja, sasa hapati kitu ju koti linafunika hadi ndani ya kiini.

Na hapo ndo tumelipata. Dawa ya kuzuia HIV inaitwa lenacapavir inashika hilo koti lenyewe, unadungwa mara 2 kwa mwaka, na kwa majaribio yaliyofanywa Uganda na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2024, wanawake 2,134 waliopewa hiyo sindano hakuna hata mmoja aliambukizwa. Nilisoma hiyo nikasimama kwa kiti.

Kwa hivyo mama, usidhani wewe una damu ya kipekee, mlango umeshikilia tu, na mzee akiwa na virusi vingi ama mmoja wenu akiwa na kidonda hesabu inabadilika. Mzee ameze dawa hadi virusi visionekane kwa kipimo, hapo hakuambukizi, na kabla afike hapo uliza PrEP, dawa za kukukinga wewe usiambukizwe. Tuko hapo tena Alhamisi, kuja na yeye.