Chemshabongo za mafumbo si za waliomeza kamusi

Wengi huamini kwamba chemshabongo za mafumbo katika magazeti ya Uingereza, zile za kujaza majibu kwenye miraba, ni za wasomi waliomeza kamusi. Sivyo. Kidokezo cha kawaida hukupa jibu mara mbili: upande mmoja maana, upande wa pili mchezo wa herufi. Kwa Kiswahili tungeweza kuandika hivi: “Chombo cha mwandishi kimo ndani ya duka la muuzaji (6)”. Hiyo (6) ni idadi ya herufi za jibu. Achana na duka lenyewe, tazama herufi tu: duKA LA MUuzaji. Kalamu! Hakuna neno gumu hata moja hapo.

Hata chemshabongo iitwayo Listener, inayosifika kwa ugumu, haikukatazi kufungua kamusi. Ilianza 1930 katika jarida la jina hilo, ikahamia gazeti la The Times jarida lilipofungwa mwaka 1991. Fumbo lake huwa na dhamira iliyofichwa, na kwangu hiyo ndiyo raha yenyewe: pengine herufi za ziada kwenye vidokezo, ukizipanga kwa mfuatano, zinaunda ujumbe unaokuagiza ubadilishe miraba uliyokwisha kujaza. Hapo kinachohitajika ni subira kuliko msamiati. Tena mara nne kwa mwaka maneno huwekwa kando kabisa, miraba ikajazwa tarakimu.