Akwaponiki ni nini? Samaki, mboga, na mfugo wa tatu usioonekana

Akwaponiki ni kufuga samaki na kulima mimea kwa maji yaleyale. Maji ya tangi la samaki, pamoja na uchafu wao, hupelekwa kwenye mizizi ya mimea. Mimea hunyonya kile ambacho kwake ni mbolea, kisha maji hurudi kwa samaki yakiwa yamepungua sumu. Udongo haupo. Maji hayamwagwi, yanazunguka tu. Kinachoongezwa ni kufidia yale yaliyonyonywa na mimea na yaliyokaushwa na jua, kwa kawaida asilimia 1 hadi 3 ya maji yote kwa siku.

Neno lenyewe limeunganishwa kutoka maneno mawili: akwakacha, yaani ufugaji wa viumbe wa majini, na haidroponiki, yaani kilimo cha kwenye maji bila udongo. Kipande cha mwisho kinatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kazi. Wazo la kuwaweka samaki na mimea pamoja ni la kale sana, kama ilivyo desturi ya kufuga samaki ndani ya mashamba ya mpunga huko China. Mfumo wa matangi na mabomba tunaoujua leo ulianza kuchukua sura Marekani: taasisi ya New Alchemy Institute iliufanyia majaribio miaka ya 1970, Mark McMurtry wa chuo kikuu cha jimbo la North Carolina akajaribu vitanda vya mchanga miaka ya 1980, na James Rakocy katika kisiwa cha St. Croix, kwenye Visiwa vya Virgin vya Marekani, akajenga mifumo ya mimea inayoelea juu ya maji.

Hadi hapo maelezo ni mepesi: samaki wanalisha mimea, mimea inasafisha maji. Tatizo ni kwamba si kweli kabisa. Ukiwaweka samaki na mboga kwenye maji mapya na kuwasha pampu, ndani ya siku chache samaki wanaweza kufa wote na mboga zikabaki zimedumaa. Kati ya samaki na mmea yuko mfugo wa tatu, nao ni bakteria. Kwa maoni yangu, anayemiliki akwaponiki ni mfugaji wa bakteria kwanza. Samaki na mboga ni mavuno yake.

Sumu inavyogeuka mbolea

Samaki hula chakula chenye protini nyingi, na protini ina naitrojeni. Sehemu kubwa ya naitrojeni isiyojenga mwili wake hutoka kupitia matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia, ikiwa amonia. Kinyesi na mabaki ya chakula yanayooza huongeza amonia nyingine. Amonia ni sumu kwa samaki, na ukali wake hupanda kadiri maji yanavyokuwa ya moto na kadiri pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, inavyopanda (ikipanda, asidi imepungua). Kiasi kilekile ambacho samaki wanakivumilia kwenye maji ya pH 6.5 kinaweza kuwaua kwenye pH 8.5.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia kazini. Kundi la kwanza, ambalo maarufu wake ni Nitrosomonas, hubadilisha amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu ya samaki na kuizuia kubeba oksijeni, hadi damu inageuka rangi ya kahawia. Kundi la pili, Nitrospira na Nitrobacter, hubadilisha nitriti kuwa nitrati. Nitrati samaki huivumilia hata ikiwa nyingi, na kwa mmea ndiyo chakula kikuu cha naitrojeni. Mwanasayansi Sergei Winogradsky ndiye aliyeonyesha, mnamo miaka ya 1890, kwamba kazi hii hufanywa na makundi mawili tofauti ya bakteria. Kwa zaidi ya karne moja ikaaminika kuwa hakuna kiumbe mmoja anayeweza hatua zote mbili, mpaka mwaka 2015 ilipogunduliwa kwamba baadhi ya Nitrospira wanazifanya peke yao.

Bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi. Hujishikiza kwenye kitu: jiwe, ukuta wa bomba, mzizi. Chukua kijiwe kwenye kitanda, yaani sanduku la changarawe linaloshika mimea, kilichokwisha kukomaa, kipitishe kati ya vidole, utasikia utelezi mwembamba. Kuna wanaouona ule utelezi kuwa uchafu na kukimbilia kuusugua, kumbe wanasugua zizi. Na hii ndiyo sababu ya changarawe kutumika badala ya mawe makubwa: ndoo ya kokoto ina eneo la kujishikiza kubwa mara nyingi zaidi kuliko ndoo ya mawe matatu.

Mahitaji yao ni machache, ila hayana mjadala. Wanataka oksijeni nyingi, maji ya uvuguvugu, kivuli, na maji yasiyo na klorini. Chini ya nyuzi 10 hivi kazi yao hudorora sana.

Wiki za kusubiri

Kwa hiyo mfumo mpya unahitaji muda wa kuzaliwa kwa zizi, na muda huo ni wiki tatu hadi sita kwenye joto zuri. Unajaza maji, unawasha pampu, unaweka chanzo kidogo cha amonia bila samaki, au samaki wachache sana wanaolishwa kidogo, halafu unapima. Vipimo vya matone vya kupimia maji ya samaki vinatosha. Unachota maji kwenye kichupa, unadondosha dawa, unatikisa, unangoja dakika tano, kisha unalinganisha rangi na kadi.

Siku za mwanzo kichupa cha amonia hugeuka kijani, na kijani hicho hukolea siku hadi siku. Kisha kuna asubuhi moja utakayokuta kijani kimefifia, na kichupa cha nitriti, kilichokuwa buluu, kimegeuka zambarau. Kundi la kwanza limeshafika. Hapo wengi hufurahi na kununua samaki, na hapo ndipo samaki wengi hufia, maana nitriti iko kileleni. Subiri hadi amonia na nitriti zote zishuke karibu na sifuri huku nitrati ikipanda. Sijui njia ya mkato ya uhakika isipokuwa moja: kuomba changarawe chache zenye maji kutoka kwenye mfumo wa mtu mwingine ambao samaki wake wana afya.

Kujenga mfumo mdogo

Kwa anayeanza, mfumo wa kitanda cha changarawe ndio unaosamehe makosa kuliko mingine, kwa sababu kitanda kimoja kinafanya kazi tatu: kinashika mizizi, kinachuja uchafu na kinawapa bakteria makazi. Unahitaji tangi la samaki, la lita 500 hadi 1,000 (tangi dogo hupata joto na kupoa haraka mno, na kosa dogo huwa kubwa), kitanda chenye kina cha sentimita 30, pampu, na mabomba. Pampu iweze kuzungusha maji yote ya tangi angalau mara moja kwa saa.

Angalia uzito kabla ya kingine chochote. Kitanda cha mita moja ya mraba kikishajaa changarawe na maji hupita kilo 500. Meza ya mbao nyepesi haitaweza. Jenga kwa matofali au vyuma, juu ya ardhi iliyoshindiliwa.

Changarawe ziwe za milimita 8 hadi 20. Kabla ya kununua mzigo, chukua kokoto chache, zidondoshee siki. Zikitoa povu, ni za chokaa, ziache: zitapandisha pH bila kikomo na hutakuwa na namna ya kuishusha. Zikikaa kimya, zioshe mpaka maji yatoke meupe.

Maji kitandani yapande na kushuka. Yakipanda yanalowesha mizizi, yakishuka yanavuta hewa safi hadi chini. Wengi hutumia sifoni ya kengele: bomba lililosimama ndani ya kitanda, likafunikwa na bomba pana zaidi lililozibwa juu na kutobolewa chini. Maji yakifika kimo cha bomba la ndani huanza kumwagikia humo, hewa iliyonaswa juu husukumwa nje, na ghafla kitanda chote hunyonywa kwa kasi. Yakikaribia kuisha, hewa huingia kwa chini, unasikia mkoromo mfupi, mnyonyo unakatika, na maji yanaanza kupanda upya. Mkoromo huo utauzoea hadi ukikosekana unajua bila kwenda kuangalia. Sentimita 5 za juu ziachwe kavu daima, la sivyo mwani na ukungu vitashika mashina.

Tangi lifunikwe ili mwanga usiingie, na pasiwe na shaba wala bati lenye zinki mahali panapoguswa na maji. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku mbili huku yakipuliziwa hewa. Ikiwa yametiwa kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, kusubiri hakutoshi. Itabidi chujio la kaboni au dawa ya kuiondoa.

Samaki wangapi kwa mboga ngapi

Swali hili huulizwa vibaya. Kinacholisha mimea ni chakula unachowapa samaki. Idadi yao peke yake haikuambii kitu. Kipimo kinachotolewa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa mifumo midogo ni gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani, na gramu 50 hadi 80 kwa mimea ya matunda kama nyanya. Tuseme una mita 2 za mraba za mboga za majani. Unahitaji kulisha gramu 80 hadi 100 kwa siku. Samaki waliokwisha kukua kiasi hula asilimia 1 hadi 2 ya uzito wao, kwa hiyo kilo 5 hadi 10 za samaki zinatosha, na tangi la lita 500 hadi 1,000 linawabeba bila kuwabana. Usipite kilo 20 kwa lita 1,000. Hapo pampu ikizimika una muda mfupi mno wa kuwaokoa.

Perege na kambale ndio wavumilivu. Perege hustawi kwenye nyuzi 27 hadi 30. Kambale anaweza kupumua hewa ya juu ya maji, ndiyo maana hustahimili oksijeni ikipungua, lakini bakteria na mizizi havina uwezo huo, kwa hiyo usimfanye kambale kuwa kisingizio cha kupunguza hewa. Oksijeni ibaki juu ya miligramu 5 kwa lita.

Kuuendesha siku kwa siku

Asubuhi tazama samaki kabla ya kuwasogelea. Wakiwa juu wanahema kwa midomo, oksijeni imepungua au nitriti imepanda. Lisha kiasi wanachomaliza ndani ya nusu saa, kinachobaki kiondoe.

Mara moja kwa wiki pima pH. Itashuka yenyewe, na kushuka huko ni dalili njema, kwani bakteria wanapogeuza amonia huzalisha asidi. Ilenge kati ya 6.5 na 7, ambapo samaki, bakteria na mimea hukubaliana, japo hakuna kati yao anayepata anachokipenda hasa. Ikikaribia 6 bakteria huzembea na amonia hupanda. Ipandishe taratibu kwa chokaa iliyozimwa na bikaboneti ya potasiamu kwa zamu, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Hivyo mimea inapata pia kalisi na potasiamu, ambazo chakula cha samaki hakina za kutosha. Madini ya chuma nayo hupungukia: majani machanga yakiwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, ongeza chuma cha aina inayoyeyuka majini, kinachouzwa kwa ajili ya haidroponiki.

Wadudu watakuja, na hapa uhuru wa mkulima wa kawaida haupo. Dawa yoyote utakayoinyunyiza kwenye jani itafika kwa samaki. Hata ya mmea, kama pareto, ni sumu kali kwao. Toa wadudu kwa mkono, tumia nyavu, kata majani yaliyoshambuliwa.

Mimi nilipoteza samaki kwa usafi. Niliosha sponji ya chujio kwa maji ya bomba mpaka ikawa nyeupe, nikairudisha nikiwa nimeridhika. Siku ya tatu amonia ilikuwa imepanda na perege wamejikunyata pembeni, wanakataa kula. Sasa sponji naikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, mara mbili tatu basi, na yale maji machafu naweka kwenye miche.

Umeme ukikatika, uwe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Mboga zinaweza kungoja saa kadhaa, samaki hawawezi.

Na wakati wa kuvuna, usiwatoe samaki wote siku moja. Chakula kikikatika ghafla, bakteria hufa njaa na mboga husinyaa. Vua wakubwa wachache kila baada ya wiki kadhaa, weka vifaranga badala yao, na kila unapong'oa mmea, chomeka mche palepale.